Kibati cha Tumbaku

Kifurushi kilishuka na basi la usiku kutoka Dar,
kimezungushiwa gundi nyingi kuliko vitu vilivyomo:
kibao cha saketi kidogo kama biskuti,
rezista kwenye mfuko wa nailoni, kapasita sita, tundu la jeki,
na maelezo yaliyotolewa kopi hadi herufi zimepauka.
Elfu kumi na nane, nauli ndani.
"Kwa hela hiyo," alisema Kashindye, fundi redio wa Ng'ambo,
"utapata kelele tu."

Nilisubiri umeme. Ulirudi saa tatu usiku.
Nikapasha chuma, nikafuta ncha kwa sponji ya vyombo.
Kahawia, nyeusi, nyekundu: elfu moja.
Njano, zambarau...
hapo taa ya chumbani ikanidanganya, zambarau ikawa buluu,
nikatoka nje na rezista mkononi
kuiuliza taa ya jirani.

Solda ikiyeyuka, usipulize.
Iache ipoe kwa hiari yake.
Kiungo kizuri hung'aa kama jicho la samaki mbichi,
kibaya hufifia, na kitakuja kukusaliti
siku umekisahau.

Baba alikuwa kwenye kiti chake, akinitazama mdomo.
Karakana ya reli ilimlipa miaka thelathini na mmoja
na kila mwezi ikamkata masikio kidogo,
pamoja na kodi.
Sasa tunamwita kwa kupiga kelele:
Chakula! Dawa! Mvua, ingia ndani!
Huwezi kumpigia mtu kelele
ukamwambia jambo la upole.

Jaribio la kwanza: kimya.
La pili: uzi wa moshi. Kapasita nimeigeuza,
mguu mrefu umekwenda kwenye hasi.
Nikang'oa nyingine kwenye redio iliyokufa.
La tatu: mngurumo,
mzinga mzima wa nyuki umehamia kwenye hedifoni.
Nilikaribia kumpa Kashindye haki yake.

Ndipo nikakiona kibati cha tumbaku cha baba,
kitupu tangu daktari amkataze.
Nikakitoboa kwa msumari, nikaulaza ubao ndani,
waya wa ardhi nikauchomelea kwenye bati,
nikafunga kifuniko.
Nyuki wakaondoka.

Kaseti ni barua. Mama, Nyamizi binti Lugembe,
anaongea na dada yake wa Kaliua.
Haikupata mtu wa kuipeleka.
Nikamvika baba hedifoni, nikazungusha kitasa:
robo. Nusu. Nusu na kidogo.

Sukari imepanda. Mbuzi kazaa pacha.
Wewe mtoto, shuka hapo! (mtoto huyo ni mimi.)
Shemeji yako hajambo,
ila siku hizi anajifanya hasikii nikimwita.

Uso wa baba haukucheza.
Kisha akainua kidole.
"Ya Mpanda hiyo," akasema. "Imechelewa, dakika ishirini."

Niliazima upande mmoja wa hedifoni.
Kweli: nyuma ya mama, mbali, honi.
Kaseti hii nimeisikiliza tangu tulipomzika,
honi sijawahi kuisikia.

"Rudisha. Nihakikishe."
Nikarudisha.
"Tena. Haikutoka vizuri."
Mara ya nne akasema, bila kunitazama,
"Anzia pale kwenye shemeji,
ili honi niipate toka mwanzo."

Nilipokwenda kulala aliniuliza
betri inakaa siku ngapi.
"Mwezi," nikamwandikia kiganjani, "ukiizima."

Asubuhi nimemkuta amesinzia kitini,
hedifoni kichwani, kitaa chekundu kimekufa.
Nikachukua baiskeli hadi Ng'ambo.
"Vipi, kinapiga?" Kashindye akauliza.
"Kelele tu," nikasema.
"Nipe betri tatu."